Mtihani wa leseni ya uuguzi umekaribia na kitabu hakiingii, naombeni ushauri

Binti Kisauni: Hamjambo nyote. Nimemaliza diploma ya uuguzi, sasa nangojea mtihani wa Baraza la Wauguzi. Shida yangu ni kusoma. Nikifungua kitabu cha ukunga narudia ukurasa uleule mpaka macho yanafunga. Afya ya jamii naiweza, ila ukunga na hesabu za dawa zanitoa jasho. Mliopita mlisoma vipi? Na kama kuna kundi la kudurusu hapa Mombasa nielekezeni. Tafadhali msinitukane, mawazo ninayo ya kutosha.

Kapteni Tuktuk: Kahawa tungu ya Mji wa Kale, tia tangawizi. Usingizi utaukuta Voi.

Mke wa Nahodha: Mtoto wa dada yangu alikuwa akisoma baada ya alfajiri, simu akinipa mimi naificha kwenye pipa la unga. Akapasi. Sasa yuko Riyadh na hata salamu hatumi, na mimi ndiye niliyemlea tangu darasa la tatu. Soma mwanangu, lakini ukipata usisahau watu.

Sista Mstaafu: Kitabu cha ukunga hakisomwi kama gazeti. Shika kalamu. Hesabu ni mazoezi tu: lita moja ya dripu kwa saa 8, mpira wa matone 20 kwa mililita. Zidisha 1000 kwa 20, gawanya kwa dakika 480, unapata kama matone 42 kwa dakika. Fanya za namna hiyo kila siku mpaka zikuchoshe. Chanjo bandika ukutani: BCG akizaliwa, pentavalenti wiki 6, 10 na 14, surua miezi 9 na 18. Sasa nami nikuulize. Msichana mbichi kama wewe, mbona walala juu ya kitabu mchana? Usiku uko wapi?

Binti Kisauni: Ahsante sista. Usiku kuna mahali nasaidiasaidia.

Sista Mstaafu: Mahali gani? Duka la madera halifunguliwi usiku.

Kapteni Tuktuk: Haya, uzi umeanza sasa.

Binti Kisauni: Ni kliniki ya mtu binafsi, sitaitaja. Naingia magharibi natoka asubuhi. Natia dripu, nadunga sindano, na juzi nimezalisha wawili, wote wazima. Leseni sina kwa kuwa mtihani ndio huo bado. Lakini msikimbilie kunihukumu. Kazi hizi zote nimezifanya wodini nikiwa mwanafunzi. Daktari ananiamini, na rejistani anaweka sahihi yeye. Mamangu anauza viazi karai, wadogo zangu wako shule. Mlitaka nikae nyumbani nitazame dari?

Wakili Mtarajiwa: Wodini ulikuwa na msimamizi. Hapo uko peke yako. Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa. Na unafanya kosa hilo huku ukiliomba leseni Baraza lilelile!

Kapteni Tuktuk: Nyinyi nanyi. Mke wangu alijifungulia kwenye tuktuk, foleni ya Daraja la Nyali. Mkunga nilikuwa mimi, na leseni niliyokuwa nayo ni ya kuendesha.

Mke wa Nahodha: Mtoto mlimwita nani?

Kapteni Tuktuk: Nyali tulimkatalia bibi yake. Anaitwa Salama.

Mdadisi: Samahani kuwakatiza. Mimi uzi huu siuamini. Mama anauza viazi, daktari hana jina, kliniki haitajwi... nimeshasoma nyuzi za hivi, mwisho huja namba ya kutumiwa mchango. Kama ni muuguzi kweli ajibu hapa: kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, uchungu unaanza kuchorwa njia ikifunguka sentimita ngapi?

Binti Kisauni: Sijaomba shilingi ya mtu. Karatasi ya zamani ni 4. Mwongozo wa WHO wa 2020 ni 5. Kliniki tuna fotokopi za zamani, kwa hivyo nachora kuanzia 4. Chuoni mwalimu mmoja alitufunza hii, mwengine ile, na hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Mdadisi: Umetafuta kwa simu.

Sista Mstaafu: Wa simu angeleta namba moja akanyamaza. Hizo fotokopi nazijua mimi, mistari imefifia mpaka unaikisia. Mdadisi, wallahi ningependa iwe hadithi. Binti, mama akivuja damu saa tisa ya usiku unampigia nani?

Binti Kisauni: Daktari. Anakaa Mtwapa.

Sista Mstaafu: Na anashika?

Binti Kisauni: Mara nyingi anashika.

Mke wa Nahodha: Mara nyingi! Ya Rabi.

Mdadisi: Kama ni kweli basi ni mbaya zaidi. Mimi natoka.

Binti Kisauni: Nikibaki kuandika kadi na kupima presha tu mpaka mtihani upite? Hata hilo nalo ni kosa?

Wakili Mtarajiwa: Kuandika kadi hakuna atakayekushika. Je, mwenye kliniki atakubali?

Binti Kisauni: Sijamwambia. Analipa nusu ya mshahara wa muuguzi kwa sababu hiyohiyo ya leseni. Akinitoa kwenye sindano sijui itabaki nini.

Sista Mstaafu: Kitabaki kichwa cha kusomea. Mwambie kesho, usingoje mwisho wa mwezi. Nina wasichana watatu tunadurusu kwangu Majengo, Jumapili baada ya adhuhuri. Wiki hii ni kuvuja damu baada ya kuzaa. Njoo na daftari, chai ipo.

Kapteni Tuktuk: Na mimi nije? Uzoefu ninao.

Sista Mstaafu: Wewe uje uwarudishe wasichana makwao, na nauli upunguze.

Binti Kisauni: Sista, Jumapili huwa ananipa zamu ya mchana. Haiwezi kuwa Jumatatu?