Disneyland ya California au Disney World ya Florida: ipi inabeba historia ya studio?

Mwanagenzi wa Katuni (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam. Tunaishi Minneapolis, na mwakani tunakusudia kuwapeleka watoto wetu wawili katika bustani mojawapo ya Disney, kwa kuwa uwezo wetu ni wa safari moja tu. Watoto hawana neno. Popote alipo Mickey panawatosha. Mwenye shida ni mimi niliyesomea uchoraji, kwani ninachotaka kukiona ni historia ya studio yenyewe, ile iliyoanzishwa na ndugu wawili, Walt na Roy, mjini Los Angeles mwezi Oktoba 1923, baada ya studio ya kwanza ya katuni ya Walt kufilisika kule Kansas City. Je, historia hiyo inaonekana zaidi Anaheim, California, ambako bustani ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1955, au Florida, ambako ya pili ilifunguliwa mwaka 1971? Bei za tiketi msinitajie. Nimekwisha kuziona na zimenikosesha usingizi.

Fundi Seti

Mleta mada, nenda Anaheim. Bustani ile ilibuniwa na watu wa filamu kwa mbinu za filamu. Mwaka 1952 Walt aliunda kampuni ndogo aliyoiita WED, kwa herufi za mwanzo za jina lake, akawahamishia huko wachoraji na wajenzi wa seti kutoka studioni. Mchoro mkubwa wa kwanza wa bustani nzima ulichorwa na mchoraji Herb Ryman mwishoni mwa juma moja la Septemba 1953, Walt akiwa pembeni yake anaeleza, kwa sababu Roy alikuwa anasafiri kwenda New York kutafuta fedha na hakuweza kwenda mikono mitupu.

Ukiingia Main Street, mtaa wa kwanza wa bustani, utaona kwamba ghorofa za juu ni fupi kuliko za chini, hila ya macho ambayo wajenzi wa seti huitumia ili jengo dogo lionekane refu. Ngome ya Sleeping Beauty ina futi 77 tu, na mawe yake yanapungua ukubwa kadiri yanavyopanda. Tena ngome hiyo iliitangulia filamu yake kwa miaka minne, maana filamu ilitoka mwaka 1959.

Halafu kuna vile vyumba vya giza vya Fantasyland, sehemu ya bustani yenye hadithi za kubuni, ambamo kigari kinakupitisha tukio baada ya tukio. Katika safari ya Snow White ya mwaka 1955, Snow White mwenyewe hakuwamo kwa makusudi: abiria ndiye aliyekuwa Snow White, na macho yake yalishika nafasi ya kamera. Wageni wengi hawakuelewa, wakawa wanauliza binti yuko wapi, hata sanamu yake ikaongezwa katika ukarabati wa mwaka 1983. Kwa mchoraji, kosa hilo lina mafunzo kuliko vivutio vingi vilivyofanikiwa.

Bibi Kalamu

Ndugu Fundi Seti amesema vema, lakini amezungumzia majengo, na mleta mada ameuliza kuhusu studio. Mwaka 1989 Florida ilifungua bustani yake ya tatu, iliyoitwa wakati huo Disney-MGM Studios, na ndani yake mlikuwa na studio halisi ya katuni, ambamo wageni waliwatazama wachoraji wakifanya kazi nyuma ya kioo. Mulan ya mwaka 1998 na Lilo & Stitch ya mwaka 2002 zilitoka hapo.

Vilevile tusimsahau Roy, ambaye watu humtaja kama mtunza hesabu tu. Walt alifariki Desemba 1966 kabla mradi wa Florida haujajengwa. Roy aliahirisha kustaafu, akasimamia ujenzi katika eneo la ekari zipatazo 27,000, akataka bustani ibebe jina kamili la mdogo wake, Walt Disney World. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, naye akafariki Desemba ya mwaka huohuo.

Fundi Seti

Bibi Kalamu, kwa heshima zote, studio hiyo ya kioo ilifungwa mwaka 2004. Mleta mada atasafiri kwenda kutazama mahali ambapo wachoraji walikuwepo.

Bibi Kalamu

Hilo silikatai. Habari ya Roy, hata hivyo, inabaki palepale.

Mtoto wa Pwani

Niongeze jambo moja upande wa Florida. Katika bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, kuna kijiji cha kubuni kinachoitwa Harambe (wametupunguzia e moja), ambacho wabunifu wake waliiga miji ya pwani yetu, hasa Lamu. Msemaji wa Kiswahili atasimama kusoma kila kibao. Kinaonyesha namna studio inavyowatazama watu wengine, jambo linalostahili mada yake, lakini kuhusu katuni za mwaka 1928, alipotokea Mickey, au 1937, ilipotoka Snow White, hakikuambii kitu.

Mhasibu Mstaafu

Nawashangaa kuizungumzia Disneyland bila kugusa madeni. Snow White ya mwaka 1937 ilileta faida iliyojenga studio mpya ya Burbank, kisha vita vikafunga masoko ya Ulaya, na mwaka 1941 wachoraji wakagoma. Disneyland ilipokuja, Walt alikopa hata kwa dhamana ya bima yake ya maisha. Kituo cha televisheni cha ABC kilitoa dola 500,000 na kudhamini mikopo ya dola milioni 4.5, kikapata zaidi ya theluthi moja ya umiliki, na Walt akakubali kukitengenezea kipindi cha kila wiki. Kwa hiyo bustani ilitangazwa majumbani kabla lami yake haijamwagwa.

Lami yenyewe ilikuwa mbichi siku ya ufunguzi, tarehe 17 Julai 1955, visigino vya akina mama vikazama kwa joto, na tiketi za kughushi zikajaza uwanja. Kwa kuwa mafundi bomba walikuwa wamegoma, Walt alilazimika kuchagua kati ya vyoo na mabomba ya maji ya kunywa, akachagua vyoo. Mradi ulikuwa umegharimu dola milioni 17.

Nami nasema Anaheim, ila kwa sharti. Michoro ya asili haiko bustanini. Iko kwenye jumba la makumbusho la familia ya Disney, San Francisco, lililofunguliwa mwaka 2009, pamoja na kamera ya tabaka nyingi iliyozipa katuni zile kina. Ni takriban kilomita 650 kwa barabara kutoka Anaheim.

Mwanagenzi wa Katuni (mleta mada)

Nimeshawishika: Anaheim siku mbili, kisha San Francisco. Nashukuru kwa habari ya Roy. Watoto nitawasimulia njiani. Ndugu Fundi Seti, nianzie wapi?

Fundi Seti

Kabla ya ngome, ukiwa bado kwenye uwanja wa mwanzo wa Main Street, geuka kushoto utazame dirisha la juu la kituo cha zimamoto. Hicho kilikuwa chumba cha Walt mwenyewe, na taa ya dirishani huachwa inawaka.