Intaneti ya nyumbani ya ruta za laini: tunalipia Mbps 30, usiku tunapewa 1, halafu lawama kwetu

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Niko Goba, Dar es Salaam. Faiba imeishia barabara kubwa, huku ndani haijafika, kwa hiyo wengi tumechukua hizi ruta za laini, zinazovuta intaneti kutoka mnara wa simu, zinazouzwa kama "intaneti ya nyumbani bila kikomo". Kifurushi kimeandikwa hadi Mbps 30. Alfajiri inafika 27, 28. Ikigonga saa 2 usiku watu wakisharudi makwao, inaporomoka mpaka 1 na wakati mwingine chini ya hapo. Mke wangu anafanya kazi na watu wa Marekani, saa hizo ndizo za vikao vyake. Sauti inakatikakatika mpaka anahamia kwenye bando la simu, la mtandao mwingine. Tunalipa mara mbili kwa kitu kimoja!

Ukipiga huduma kwa wateja: zima ruta, washa. Sogeza dirishani. Wi-Fi yako inaingiliana na ya majirani. Wa mwisho akasingizia mkongo wa baharini, ule waya wa intaneti unaopita chini ya bahari.

Haya. Wi-Fi nimeitoa kabisa: kompyuta nimeichomeka kwenye ruta kwa waya, vifaa vingine vyote vimezimwa. Hali ni ile ile. Kwenye mipangilio ya ruta RSRP inasoma -84. Hicho ni kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayokufikia kutoka mnarani. Namba ikisogea kuelekea sifuri ndiyo nzuri, ikifika -110 una haki ya kulalamikia umbali. Mimi mawimbi ninayo. Na mkongo? Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika tulisota mchana na usiku. Mkongo haukatiki saa 2 usiku ukajiunga wenyewe alfajiri.

Mnara umejaa. Basi.

Mnara kwa kawaida hugawanywa pande tatu. Upande mmoja wa 4G yenye masafa ya MHz 20 na antena mbili unatoa Mbps 150, tena hiyo ni hesabu ya maabara. Ndizo tunazogawana wote tulio upande huo, ruta za majumbani pamoja na simu za wapita njia. Nyumba 40 zikifungua video kwa pamoja, kila moja haifikishi hata 4. Na asije mtu kuniambia hata faiba inagawanywa. Inagawanywa, ndiyo: GPON, mfumo wa faiba za majumbani, inashusha kama Gbps 2.4 (yaani Mbps 2,400) kwa nyumba 32 au 64. Gawa kwa 32 uone, ni Mbps 75 kila nyumba, wote wakiwa hewani.

Halafu wauzaji wao wanawaambia watu ni "MB 30 kwa sekunde". Mbps ni megabiti, na biti 8 ndiyo baiti 1. Hata ukipewa 30 kamili, faili linashuka MB 3.75 kwa sekunde. Faili la GB 1 ni dakika 4 na nusu hivi. Kwa Mbps 1 ya usiku, faili hilohilo linachukua zaidi ya saa 2.

Kinachoniuma ni kwamba wanajua. Mitambo yao inaona mzigo wa kila mnara saa kwa saa. Pamoja na hayo vijana wao wako stendi kila siku wanauza ruta mpya za mnara uleule, na ruta yenyewe imefungwa isikubali laini nyingine, kwa hiyo ukishanunua umenaswa.

Ninachotaka: mkataba utaje spidi ya chini kabisa ya saa za jioni. Ikishindikana, mwezi huo nilipe pungufu. Na upande wa mnara ukijaa, wasimamishe kuuza mpaka waongeze masafa au mnara mwingine.

Wenye ruta hizi Goba, Mbezi, Kimara, Kigamboni na mikoani: chomekeni waya, pimeni alfajiri na saa 3 usiku, wekeni hapa vipimo vyote viwili pamoja na RSRP na jina la mtaa. Namba za simu na za akaunti zifuteni kwenye picha. Navikusanya nivipeleke TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na nataka viwe vya mitaa mingi ili wasipate nafasi ya kusema ni ruta ya mtu mmoja.