Kwateti ya nyuzi Dodoma, Kondoa, Singida na Iringa: programu, ukavu na kumbi

Mratibu_Makole

Wakuu, salaam. Naratibu ziara ya kwateti ya nyuzi: vayolini mbili, viola na selo. Wapigaji wanne wanatoka Dar. Maonyesho ni sita: mawili Dodoma mjini, moja Chamwino, halafu Kondoa, Singida na kumalizia Iringa. Nusu ya tungo ni za kale, nusu ni za watunzi wa sasa. Kumbi nilizopata ni makanisa mawili, mabwalo mawili ya shule, ukumbi wa mikutano mmoja na uwanja wa wazi Chamwino. Naomba mwongozo kuhusu tarehe, mpangilio wa tungo, na hasa vyombo, maana wapigaji wanauogopa ukavu wa huku. Chamwino tungependa pia kupiga tungo moja pamoja na wapiga zeze na ilimba (marimba ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) wa pale.

Nzuguni_B

Anza na kalenda kabla ya kugusa noti. Bunge la Bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Nyumba za wageni hujaa na bei hupanda. Wiki ya kwanza ya Agosti kuna Nane Nane pale Nzuguni, shida ni ileile. Kuanzia Desemba mvua ikigonga bati hakuna atakayesikia hata selo. Dirisha lenu ni nusu ya pili ya Julai, kisha Agosti 10 hadi Oktoba.

Dodoma iwe kituo. Kondoa ni kama kilomita 160 kaskazini, Singida kama 240, Iringa kama 260 kusini, zote lami. Safari na onyesho visiwe siku moja kwenda Singida wala Iringa. Vyombo vinahitaji usiku mmoja kuzoea hewa, na wapigaji vilevile. Kondoa onyesho liishe kabla ya Magharibi au lianze baada ya Isha, na tangazo litaje hivyo waziwazi.

Vibali: BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), afisa utamaduni wa kila halmashauri, na ruhusa ya wenye haki kwa tungo zenye hakimiliki hai; ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, inakopatikana. Kununua noti si kununua ruhusa ya kuzipiga hadharani, na hapo ndipo waratibu wengi hukwama siku mbili kabla ya onyesho. Watunzi waliokufa zamani kama Haydn na Dvořák hawana tatizo hilo. Watunzi walio hai wanalo.

Mwalimu_Solfa

Upande wa programu, ndugu Mratibu, kumbuka kwamba msikilizaji wa kanda hii si mgeni wa sauti nne. Amekulia kwenye kwaya. Anajua soprano, alto, teno na besi zinavyogawana kazi, na wengi wanasoma solfa vizuri kabisa. Msimpe mhadhara kuhusu Vienna. Mpeni tungo inayomwonyesha kila chombo kikishika wimbo kwa zamu.

Haydn alishaiandika: kwateti yake Op. 76 Na. 3, sehemu ya pili. Wimbo mmoja unasikika mara tano, na wenyewe haubadiliki. Kinachobadilika ni kinachouzunguka. Unaanza kwa vayolini ya kwanza. Kisha vayolini ya pili inaushika huku ya kwanza peke yake ikiupamba kwa noti za haraka. Halafu selo, halafu viola, na mwisho unarudi kwa vayolini ya kwanza ukiwa na mapatano mapya chini yake. Ndiyo sauti ya wimbo wa taifa wa Ujerumani wa leo. Kabla ya sehemu hiyo, kila mpigaji apige mstari wa kwanza wa wimbo akiwa peke yake. Dakika mbili zinatosha, na ukumbi mzima utaweza kumfuatilia mwenye wimbo hadi mwisho.

Mpangilio ambao ningeusimamia kwa kumbi za ndani ni huu: Haydn nzima, kama dakika 25. Halafu Strum ya Jessie Montgomery wa Marekani, ya 2006, kama dakika 7. Vidole vinakwangua nyuzi mithili ya gitaa na watu wanaielewa papo hapo. Mapumziko ya dakika 15. Baada yake sehemu mbili za White Man Sleeps ya Kevin Volans, mzaliwa wa Afrika Kusini, au Ekitundu Ekisooka ya Mganda Justinian Tamusuza. Mfunge na Dvořák Op. 96 ya 1893, kama dakika 25. Hiyo ya Dvořák inafunguliwa na viola kwa wimbo wa noti tano tu za ngazi, kwa hiyo haitasikika kama kitu cha mbali kwa sikio la huku.

Msizirundike tungo mpya zote nusu moja. Zikikaa pamoja, msikilizaji anahisi anapewa dawa. Kila mpya ikae ubavuni mwa ya kale inayofanana nayo. Wakipenda kitu cha utulivu zaidi, Entr'acte ya Caroline Shaw, ya 2011, ilitokana na minueti ya Haydn Op. 77 Na. 2. Pigeni minueti hiyo kwanza, halafu Shaw bila kusimama kupokea makofi katikati. Uhusiano utasikika bila maelezo.

Kuna tungo nzuri sana ambazo hazifai kwa ziara hii. Black Angels ya George Crumb inataka vyombo vikuzwe kwa umeme, glasi za maji zipigwe kwa upinde, na sahani kubwa za chuma za kugongwa. Huo ni mzigo wa gari la pili. Different Trains ya Steve Reich haiendi bila sauti zilizorekodiwa, na umeme ukikatika dakika ya nne onyesho limekwisha. Chagueni kinachoweza kupigwa hata kwa taa za betri. Epukeni pia tungo zinazotaka nyuzi zilegezwe au zivutwe nje ya kawaida yake. Katika ukavu huu hazitatulia.

Wapigaji wakitaka kuongeza tungo za sasa kwa gharama ndogo, kuna mradi wa Kronos Quartet uitwao 50 for the Future: tungo hamsini, noti zake zinapakuliwa bure. Zichapeni kwenye A3 iliyokunjwa. A4 inabana mistari, na mpigaji wa viola ataanza kubahatisha taa zikififia.

Watu wakipiga makofi au vigelegele kati ya sehemu, wapigaji wainamishe kichwa kidogo na kuendelea. Kumkemea mtu aliyefurahi ni kumfukuza.

Fundi_wa_Daraja

Sasa vyombo. Wapigaji wako wana haki ya kuogopa, lakini waogope kwa mpango. Vayolini hukaa vizuri unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 45 na 55. Chombo kilichozoea joto la unyevu la Dar kikipandishwa hadi Dodoma, mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari, wakati wa kiangazi, mbao zinanywea. Zinanywea upana, si urefu, kwa hiyo mambo matatu hutokea kwa mfuatano unaotabirika.

Kwanza vigingi vya kukazia nyuzi vinalegea na uzi unafunguka wenyewe usiku. Dawa yake ni kutoa kigingi, kupaka chaki kavu kidogo mahali kinapogusa mbao, na sabuni kavu ya mche kidogo zaidi kama kinakwama. Wakati wa kuzungusha, sukuma ndani kwa wakati mmoja. Usikigonge kamwe, utapasua kichwa cha chombo. Nyuzi zikilegea zote nne kwa pamoja, kijiti kinachosimama ndani chini ya daraja (kibao kinachobeba nyuzi) kinaweza kuanguka, kwa hiyo kazi hii ifanywe kigingi kimoja kimoja.

Pili, uso wa selo unashuka kidogo na daraja linashuka nalo. Nyuzi zinakaribia ubao wa vidole na kuanza kuvuma. Mpiga selo aje na daraja la pili lililo refu kidogo, lichongwe na fundi Dar kabla ya safari. Kila baada ya kutuni sana, tazameni daraja kwa ubavu: uso wake wa nyuma usimame wima juu ya mwili. Nyuzi hulivuta kuelekea kwa vidole, na likianguka linaweza kuvunjika.

Tatu, maungio ya pembeni yanaachia. Hii si ajali, ni usalama: gundi ya ngozi imetengenezwa iachie kabla mbao haijapasuka. Gongeni kingo kwa kifundo cha kidole kila asubuhi. Palipoachia hutoa mlio mkavu wa kupasuka. Likitokea, legezeni nyuzi nusu na subirini fundi wa vyombo hivi. Msitie gundi ya seremala wala ile ya kukauka haraka. Gundi hizo hazifunguki tena, na mara ijayo ubao ndio utakaopasuka.

Kinga ni rahisi. Kila kasha liwe na kipima unyevu. Chukueni kisanduku cha sabuni cha plastiki, kitobolewe matundu kumi na mbili hivi, ndani wekeni kipande cha sifongo kilicholowa na kukamuliwa hadi kisidondoshe. Kasha la vayolini kimoja, la selo viwili. Dodoma ya Septemba sifongo hukauka ndani ya siku moja, kwa hiyo loweka asubuhi na jioni. Chombo kisitolewe kasha hadi dakika 30 kabla ya mazoezi.

Upinde umesahaulika hapa na ndio unaovunjika kimyakimya. Singa, yaani nywele za upinde, hujikaza hewa ikikauka. Mpigaji aliyekaza vizuri Dar akiacha hivyo, akifika ataukuta umejipinda kinyume, na ncha yake ni nyembamba. Legeza kabisa kila ukimaliza, hata kwa mapumziko ya dakika 15.

Safarini selo ipate kiti chake. Kwenye basi ikae dirishani upande usio na jua, shingo ikielekea juu, mkanda umefungwa. Buti la basi hapana. Gari lililoegeshwa juani linazidi nyuzi joto 50 ndani, na vanishi inalainika na kunata kwenye kitambaa cha kasha. Kwenye treni ya SGR ulizeni mapema kama kasha la urefu wa mita 1.3 linahesabiwa mzigo au linakubaliwa kitini.

Mratibu_Makole

Fundi, Mwalimu, asanteni sana, nimechapa yote. Mawili bado: ukumbi wa mikutano unachukua watu 400 na mwenyewe anasisitiza tutumie spika zake. Na ule wimbo wa pamoja Chamwino, nani atuni kwa nani?

Fundi_wa_Daraja

Spika za mikutano zimepangwa kwa ajili ya maneno. Zinakata besi na kunoa juu, na selo inageuka mbu. Kwanza jaribuni bila. Wapigaji wakae na ukuta mgumu mita mbili nyuma yao, si pazia. Zimeni mapangaboi: yanapeperusha noti na kutikisa sauti. Mkilazimika kukuza, vinasa sauti viwili tu, kimo cha mita 2, mita 1.5 mbele ya kundi, sauti ya spika ipande hadi mtu wa mwisho asikie basi. Kwenye uwanja wa Chamwino mtavihitaji, pamoja na vibanio sita vya noti kwa kila stendi, maana upepo wa Agosti hauna adabu.

Sakafu ni terazo au saruji? Ncha ya selo itateleza. Mkanda wenye pete ufungwe mguu wa kiti, ncha ichomekwe humo. Viti visiwe na mikono. Na kama paa ni bati, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 1 usiku linalia likipoa. Sehemu za polepole zisiangukie hapo.

Mwalimu_Solfa

La Chamwino ndilo linalonifurahisha zaidi kwenye ziara yote, tafadhali lisiwe pambo la mwisho la dakika tatu.

Ngazi ya muziki wa Wagogo, ile aliyoisambaza duniani marehemu Hukwe Zawose kwa ilimba na zeze, haitokani na piano. Inatokana na sauti za asili zilizomo ndani ya uzi wenyewe, zikihesabiwa kutoka ile ya msingi, kuanzia ya 4 kwenda juu. Uzi wa C wa selo unazo zote. Mpiga selo aguse uzi kwa wepesi bila kuubonyeza: kwa uzi wa sentimita 69, sentimita 17.3 kutoka juu inatoa sauti ya 4, sentimita 13.8 ya 5, 11.5 ya 6, na 9.9 ya 7. Sauti ya 5 iko chini ya E ya piano kwa senti 14 (senti 100 ni nusu sauti). Ya 7 iko chini ya B-flat kwa senti 31, karibu theluthi ya nusu sauti. Vayolini na viola wajifunze kuzifuata hizo kwa sikio, siku tatu kabla, robo saa kila asubuhi. Wakizisahihisha kuelekea piano, zeze litasikika kama limekosea, nalo ndilo liko sawa. Mtetemo wa kidole waache nyumbani kwa tungo hii. Unaficha tofauti yenyewe.

Nani atuni kwa nani: kwateti inamfuata mpiga ilimba. Vyuma vya ilimba kuvisogeza ni kazi ya mchana mzima. Zeze linaweza kusogea, lakini lenyewe litaifuata ilimba. Muombeni mpigaji arekodi kwa simu noti yake ya msingi wiki moja kabla. Ikiangukia kati ya D na E-flat, msivute nyuzi za kwateti kuikuta, zitashuka katikati ya wimbo. Andikeni upya sehemu zote bila uzi mtupu hata mmoja, kila noti ishikwe kwa kidole, na vidole vitakwenda ilipo ilimba. Mpiga zeze akae mbele ya selo, karibu na watu kuliko wote, kwa kuwa sauti yake ni ndogo kuliko ya viola, na vayolini zipige kwenye ncha ya upinde.