Kikohozi kikavu wiki 8 baada ya mionzi ya pafu

Mlezi:
Wakuu, mgonjwa wa saratani ya pafu alimaliza vipindi 30 vya mionzi wiki 8 zilizopita. Kumeza sasa hakumuumi, ila tangu wiki jana anakohoa kikavu, na ngazi chache tu anahema. Antibayotiki siku 5, hakuna nafuu. Saratani imerudi? Na huu uchovu usioisha?

Daktari wa zamu:
Pole kwa kuuguza. Usiwaze saratani kwanza. Kati ya mwezi 1 na miezi 6 baada ya mionzi, pafu lililopigwa huweza kuvimba, na dalili ni hizohizo, pengine na homa ndogo. Uvimbe huo hausababishwi na bakteria, ndiyo maana antibayotiki hazikufua dafu.

Arudi kitengo cha mionzi wiki hii, apigwe CT, yaani picha ya kina ya kifua. Wataangalia kama kivuli kimekaa mahali mionzi ilipopita. Wakithibitisha, kwa kawaida huanzisha prednisoloni, vidonge vya steroidi vya kupunguza uvimbe, kisha dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mgonjwa anajisikia vizuri, anaacha vidonge ghafla, kikohozi kinarudi. Anywe asubuhi akishakula. Kama anatundikiwa pia dawa za kuamsha kinga ya mwili, aseme, maana nazo huvimbisha mapafu.

Akihema hata akiwa ameketi, akikohoa damu, au kifua kikimchoma ghafla na mguu mmoja umevimba, msingoje kukuche. Huenda ni damu iliyoganda.

Mlezi:
Asante sana daktari. Ana kisukari, vidonge hivyo atavimudu?

Daktari wa zamu:
Atavimudu, ila sukari itapanda, hasa mchana na jioni. Ipimwe kila siku, na dawa za kisukari zirekebishwe na daktari wake, si nyumbani.

Fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi):
Akishaonwa na daktari, ngazi zina mbinu yake: avute pumzi puani akiwa amesimama, apande huku akiitoa polepole kwa midomo iliyobinywa kama anayepuliza mshumaa. Akizidiwa aketi, ainame mbele, viwiko magotini, feni ndogo impulizie usoni.

Uchovu hautibiwi kwa kulala kutwa, misuli inazidi kunyong'onyea. Atembee dakika 5 mara 2 kwa siku, aongeze dakika moja kila baada ya siku 3. Akishindwa kumaliza sentensi anapotembea, apunguze mwendo.