Vitamini D 22, LDL 4.4: nikijaza vitamini D lehemu itashuka yenyewe au nimeze dawa?

BintiMalindi_Unguja
Asalaam aleikum jamani, naombeni ushauri wenu maana nimechanganyikiwa kweli. Mimi nipo Muscat mwaka wa 11 sasa, kwetu Unguja, umri 38, watoto wawili. Tangu Ramadhani nachoka sana, miguu inauma kwa ndani usiku, nikipanda ngazi mapaja yanakuwa mazito kama nimebeba gunia. Nikaenda kupima damu, majibu yametoka hivi: vitamini D 22 nmol, kolesteroli (lehemu) jumla 6.5 mmol, LDL yaani ile mbaya 4.4, HDL yaani ile nzuri 1.1, trigliseridi yaani mafuta mengine ya damu 2.3. Sukari na presha ziko sawa.

Daktari kaniandikia vitamini D ya yuniti 50,000 mara moja kwa wiki kwa wiki 8, na atovastatini, dawa ya kushusha lehemu, miligramu 20 kila usiku. Ile ya vitamini nimeshaanza. Hii ya lehemu ndo naiogopa, nimeiweka kabatini wiki ya tatu sasa. Kwenye grupu letu la WhatsApp la familia mtu katuma sauti anasema jua linachukua kolesteroli ya mwilini linaigeuza vitamini D, kwahiyo ukikosa jua kolesteroli inabaki kwenye damu, na ukijaza vitamini D lehemu inashuka yenyewe bila dawa. Na mimi jua silioni kabisa, natoka nyumbani naingia kwenye gari, ofisini kiyoyozi, narudi usiku, na navaa baibui. Nikaona mbona inanihusu mimi moja kwa moja. Je ni kweli? Nisubiri kwanza vitamini ipande ndo nipime tena lehemu?

Nimesahau kusema, baba yangu Mungu amrehemu alifariki kwa moyo akiwa na miaka 51.

mzee_wa_Ngamiani
Waaleikum salaam mwanangu. Hizo dawa za lehemu zinaua ini, achana nazo. Chukua kitunguu saumu punje 2 asubuhi na habasoda kijiko kimoja na asali, jua la asubuhi saa 12 na nusu dakika 20, miezi mitatu utaniambia.

Khadija_Leicester
Da Malindi pole sana, nimesoma post yako nikajiona mimi ya miaka minne nyuma. Mimi niko Uingereza, huku toka Oktoba mpaka Machi jua hata likitoka halina nguvu ya kutengeneza vitamini D kwenye ngozi, na sisi weusi ndo tunahitaji muda mrefu zaidi kuliko wao. Serikali yenyewe inashauri kila mtu ameze maikrogramu 10 kwa siku kipindi cha baridi na mwenye ngozi nyeusi afikirie mwaka mzima. Mimi ilikuwa 19, nikajaza ikafika 81, maumivu ya mifupa alhamdulillah yaliisha kabisa. Lakini LDL yangu ilikuwa 4.1 na baada ya miezi sita ikawa 4.1 ile ile, haikusogea hata kidogo. Nilisubiri nusu mwaka bure. Nakwambia hili kwa mapenzi dada yangu, usisubiri kama mimi.

nesi_Likoni
BintiMalindi pole dada, na samahani nitaandika ndefu, mimi ni nesi huku Mombasa, nimekaa kliniki ya presha na sukari miaka mingi na hili swali naulizwa kila wiki.

Ile sauti ya WhatsApp imeshika nusu ya ukweli. Ni kweli ngozi inatengeneza vitamini D kutoka kwa kitu ambacho ni ndugu wa kolesteroli, kinakaa humo humo kwenye ngozi, mwale wa jua ukikipiga ndo kinaanza safari, kinapita kwenye ini halafu figo. Lakini piga hesabu na mimi. Mwili wako unatengeneza karibu gramu moja ya kolesteroli kila siku, na hiyo ni mbali na unayokula. Vitamini D yuniti 1,000 ni maikrogramu 25 tu, yaani gramu moja uigawe mafungu 40,000 uchukue fungu moja. Sasa hata ushinde juani hiyo haiwezi kupunguza LDL kwenye damu, ni kama kuchota bahari kwa kijiko.

Kinachowachanganya watu ni kwamba ukipima watu wengi kweli unakuta wenye vitamini D ya chini mara nyingi ndio wenye trigliseridi juu na HDL chini. Hilo lipo. Lakini angalia ni kina nani hao: mtu anayeshinda ndani, hatembei, kilo zimeongezeka, na vitamini D inapenda kujificha kwenye mafuta ya mwili kwahiyo mwenye uzito mkubwa kipimo kinasoma chini. Maisha yale yale yamezaa vyote viwili, sio kwamba kimoja kimemzaa mwenzake. Wewe mwenyewe umeandika, gari, ofisi, kiyoyozi.

Na watu wamejaribu. Marekani walifanya utafiti unaitwa VITAL, watu 25,871, nusu wakapewa vitamini D yuniti 2,000 kila siku nusu wakapewa kidonge kitupu, wakafuatiliwa zaidi ya miaka mitano. Majibu yakatoka 2018, mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua kwa waliopewa vitamini. Lakini LDL ukiishusha kwa 1 mmol kwa dawa za statini, kundi la hiyo atovastatini yako, hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi inapungua kama sehemu moja ya tano, hilo limepimwa kwa watu wengi sana mpaka hakuna ubishi.

Kwahiyo hiyo 22 itibu kwa sababu yake yenyewe, iko chini mno, na hayo mapaja mazito na mifupa kuuma usiku inafanana nayo kabisa. Lehemu nayo itibu kwa sababu yake. Na baba kuondoka na 51 kwa moyo, dada, hicho ndo kitu kizito kuliko vyote ulivyoandika na umekiweka mwisho.

Maswali yangu: walipima thairodi, ile tezi ya shingoni? Ikilala inapandisha LDL na inaleta uchovu huo huo, ukiitibu lehemu inaweza kushuka. Ulifunga kabla ya kutoa damu? Trigliseridi zinapanda ukiwa umekula. Na la tatu, una mpango wa kubeba mimba? Maana statini hatuanzi kwa mama anayetafuta mtoto bila kuongea na daktari kwanza.

Mzee wa Ngamiani shikamoo baba. Habasoda na kitunguu saumu ale tu kama chakula, ila sio badala ya dawa. Ini kuharibika kwa statini ni nadra sana na ndo maana tunapima ini kabla ya kuanza. Misuli kuuma inatokea kwa baadhi, ikitokea unarudi dozi inabadilishwa.

mzee_wa_Ngamiani
Marahaba mwanangu, nimekuelewa. Mimi nilimpoteza mdogo wangu kwa ini ndo maana nina woga na vidonge. Lakini hilo la jua la asubuhi mbona tumelelewa nalo?

nesi_Likoni
Pole sana baba. Jua la asubuhi ni zuri kwa kutembea na kwa usingizi, ila saa 12 na nusu mwale unaotengeneza vitamini D bado ni hafifu mno. Angalia kivuli chako, kikiwa kirefu kuliko wewe basi ngozi haipati kitu cha maana. Kikiwa kifupi ndo kazi inafanyika. Na kioo cha gari au dirisha kinauzuia ule mwale, kwahiyo kukaa dirishani hakusaidii.

Mdau_Arusha
Naongezea hapo kwa jua, kuna watafiti walipima Wamasai na Wahadzabe hapa Tanzania, matokeo yakachapishwa 2012, wastani ukawa 115 nmol bila kidonge chochote, wanashinda nje tu na ngozi zao nyeusi kama zetu. Linganisha na 22 ya dada hapo. Sio asili yetu kuwa chini, ni kuta tunazokaa ndani yake.

BintiMalindi_Unguja
Subhanallah nimesoma yote mara mbili, nesi Mungu akulipe. Hapana thairodi hawakupima. Damu nilitoa saa 5 nikiwa nimeshakunywa chai ya maziwa na mandazi, hakuna aliyeniambia nifunge. Mimba hapana, nina kijiti cha uzazi wa mpango bado miaka miwili. Kuhusu jua, Muscat kiangazi linafika 45 mchana huwezi kusimama nje, nifanyeje? Na chakula je, kwetu samaki wa tui kila siku na Ijumaa biriani la samli.

nesi_Likoni
Kiangazi usijitese, ndo maana umepewa kidonge. Kimeze pamoja na mlo mkuu maana vitamini D inataka mafuta kidogo kuingia, ila dozi ya 50,000 ni ya WIKI, nimeshaona mtu kameza kila siku mpaka kalsiamu ikapanda, kiu, kutapika, akili ikamchanganya, akalazwa. Wiki 8 zikiisha unashuka dozi ndogo ya kila siku atakayokuandikia. Kuanzia Novemba hali ya hewa ikipoa toka na wanao, kama mna ua wa ndani ambao hamuonekani kaa na mikono na miguu wazi robo saa.

Samaki endelea, tena jodari na vibua vina vitamini D yao. Tui zito ndo lipunguze maana mafuta ya nazi yanapandisha LDL, pika mchuzi wa nyanya au ndimu siku nyingine. Samli iwe ya Ijumaa mojamoja. Na ukianza atovastatini juisi ya balungi usiizoee, inaongeza nguvu ya dawa mwilini.

Wadogo zako nao wapime lehemu, wote, hata kama ni wembamba.

BintiMalindi_Unguja
Jana usiku nimemeza ya kwanza. Jumapili naenda kupima thairodi na ini, nitafunga safari hii. Kaka yangu yupo Dar ana 35, mwembamba anacheza mpira, nilipomwambia akanyamaza kwenye simu muda mrefu, halafu akaniuliza baba alikuwa na kilo ngapi. Nikamwambia baba alikuwa mwembamba kama wewe. Jumamosi anaenda kupima.