VITI VILIKUWA MKONONI MWANGU! Wale wauza tiketi leo wamenifanya mtoto mdogo

Mwana wa Pangani (mleta uzi)

Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka. Sitaji jina, hakuna haja. Hakuna mtu humu aliyewahi kutaka kwenda kutazama chochote Marekani ambaye hawa jamaa hawajamliza. Ni wale wale. Wa foleni isiyosogea na makato yasiyoisha.

Mechi mnaijua. Machi 1, 2025, hapa Columbus, jimbo la Ohio, timu yetu Blue Jackets na Detroit Red Wings, hoki ya barafuni lakini nje, kwenye anga la wazi, ndani ya Ohio Stadium, ule uwanja wenye umbo la kiatu cha farasi. Timu hii imeanza 2000 na mechi hii ndiyo yake ya kwanza kabisa ya nje. Mji mzima umepagawa. Uwanja unaingiza watu zaidi ya laki moja! Ukumbi wao wa ndani ni kama elfu kumi na nane. Nikajiambia, safari hii hata mlala hoi ana nafasi, viti vimejaa kama mchanga wa baharini.

Saa nne kamili asubuhi dirisha linafunguliwa. Mimi tangu saa tatu nimekaa. Simu mbili, kompyuta moja, kadi ya benki mezani, chai imepoa. Nimeomba ruhusa kazini, nimekatwa masaa. Mtoto ameenda shule ameniachia kikaratasi: "Baba usisahau." Nimesubiri foleni mpaka ndevu zimeota.

Zamu yangu ikafika. Nikaona viti viwili, vinafuatana, safu ya chini chini, si kule juu kwa kunguru. Dola 112 kimoja. Nikavichagua. Vikawa vyangu, jina langu juu, saa inahesabu dakika. Nikabonyeza kulipa. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kikazunguka. Halafu: samahani, viti hivi vimechukuliwa na mtu mwingine.

Mtu mwingine yupi? VILIKUWA MKONONI MWANGU!

Nikarudishwa nyuma ya foleni, mbele yangu watu elfu hamsini na kitu. Sasa sikilizeni. Baada ya dakika sita, viti vile vile, safu ile ile, namba zile zile, vimepangwa kwenye mtandao ule ule, upande wa kuuziana, dola 465 kimoja. Na makato hapo bado, hayo unayakuta ukurasa wa mwisho kama mwiba kwenye samaki.

Dakika sita! Hata chapati haiivi pande mbili.

Binti Chuda

Pole kaka. Mimi nilitupwa nje ya foleni nikiwa nimebakiza watu thelathini. Nikaambiwa nithibitishe kuwa si roboti. Nikachagua picha zote za taa za barabarani, wakasema nimekosea. Nimezaliwa Tanga, mama yangu yupo, shahidi yupo, halafu naambiwa mimi ni roboti.

Nyundo ya Kilo Mbili

Mtu wa Pangani analilia barafu, haya ni maajabu. Mkuu, sisi kwetu barafu ni ile ya ubuyu kwenye kifuko, unaing'ata kona unanyonya. Umekwenda juzi tu, leo umekuwa mzungu wa hoki? Washa televisheni, kaa karibu na hita, kula ugali wako.

Mwana wa Pangani

Nyundo, miaka kumi na mbili si juzi. Mwanangu amezaliwa hapa, ana miaka kumi na moja, anateleza kwenye barafu kuliko unavyotembea kwenye lami. Anavaa jezi namba 13 ya Johnny Gaudreau, mchezaji wa Blue Jackets. Wanaofuatilia wanajua kilichotokea Agosti 29, 2024: yeye na mdogo wake Matthew waligongwa na gari wakiwa kwenye baiskeli wakafariki, kesho yake dada yao afunge ndoa. Mtoto wangu alilala na jezi ile wiki nzima. Hii mechi kwake si starehe tu. Nimemuahidi. Na viti vilikuwa mkononi mwangu, jina langu juu, saa inahesabu!

Mama Wawili Alberta

Mungu amfariji mtoto. Lakini mwanangu, nguo za baridi umeshanunua? Mechi za nje si mchezo. Huku Edmonton walicheza moja na Montreal Novemba 22, 2003, baridi nyuzi kama 18 chini ya sifuri, na watu 57,167 walikaa mpaka mwisho. Kipa wa Montreal, José Théodore, alivaa kofia ya sufu juu ya ile ngumu ya kazi. Mimi nilikuwa sijafika Kanada, ila majirani wanaihadithia mpaka leo kama harusi. Mfunge mtoto skafu mbili.

Mwana wa Pangani

Ahsante mama, lakini skafu nitamfungia akakae wapi? Tiketi sina.

Fundi Majokofu

Naomba kuuliza wajuzi na kujibu mwenyewe. Hiyo barafu ya nje haitegemei baridi ya mbinguni. NHL, yaani ligi yenyewe ya hoki, wana lori lao la kupozea, tela la futi 53, linasukuma maji ya glaikoli, yale yasiyoganda, kwenye mapaneli ya alumini yaliyotandikwa uwanjani, halafu wanamwagia maji kidogo kidogo mpaka barafu inafika kama inchi mbili. Ndiyo maana 2014 walicheza hata Los Angeles kwenye uwanja wa besiboli. Jua likiwaka wanafunika. Kwa fani yangu naona hiyo ndiyo habari kubwa, haya ya tiketi ni kelele.

Mwana wa Pangani

Fundi, anzisha uzi wako.

Kijana wa South B

Wabongo mnashangaa barafu kama mmeona jini. Sisi Kenya tuko na timu kabisa, Ice Lions. Wamefanyia mazoezi pale hoteli ya Panari, Mombasa Road, Nairobi, kauwanja kadogo hivi. 2018 walipelekwa Kanada wakacheza na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mara ya kwanza wanavaa vifaa kamili. Hao ndio wanastahili tiketi za bure, si mtu wa kulia lia.

Nyundo ya Kilo Mbili

Kila uzi lazima Mkenya aje na "sisi tuko na". Uwanja mmoja wa hotelini mnatutambia?

Kijana wa South B

Mmoja ni zaidi ya sufuri, buda. Hesabu ni hiyo.

Kadogo wa Uvira

Bandugu, miye niko hapa Columbus pia. Bale batu banatuonea kabisa. Nilipata tiketi moya, ya kule juu sana, na nilikuwa natafuta ine. Bibi yangu wa ndoa anasema nikienda peke yangu, yeye hatanisemesha mwezi muzima.

Jicho la Tatu

Mleta uzi ngoja nikwambie ukweli usioupenda. Uwanja wa hoki una futi 200 kwa 85. Uweke katikati ya uwanja wa mpira wa Kimarekani uone ulivyo mdogo. Hata hizo safu zako za chini ungeona kofia za wachezaji tu, na wa juu wanaona siafu. Kile kidude cheusi wanachokipiga kwa fimbo hutakiona mpaka kiingie golini, utajua kwa kelele. Wamekuokolea hela.

Mwana wa Pangani

Sikutaka kuokolewa! Nilitaka kukaa na mwanangu tuone siafu wetu! Mwaka 2014 pale Michigan walikuwepo watu 105,491, theluji inamwagika, Toronto na hawa hawa Detroit. Unadhani wote waliona kidude? Walikuwepo. Ukiwepo, umekuwepo. Mimi nilikuwa nimeshakuwepo wakuu, viti viwili, vinafuatana, kadi nimeingiza, nimebonyeza!

Dalali Msomi

Mimi nafanya hiyo kazi ya kuuza tena tiketi, tusichukiane. Mwenye tiketi ya msimu mzima anapewa nafasi kabla yenu, mwenye kadi ya benki fulani kabla yenu, mnaobaki mnagombea makombo. Sisi tunaleta soko. Bei ikikushinda acha.

Mwana wa Pangani

Kwa Kiswahili huitwi msomi, unaitwa mlanguzi. Miaka ile ya sukari ya foleni mngekamatwa. Hata hapa sheria ya kukataza roboti kununua tiketi ipo tangu 2016, ipo, imelala fofofo. Nirudishie viti vyangu.

Binti Chuda

Na wewe Dalali kama una viti viwili vinavyofuatana safu ya chini chini, hebu tuambie ulivipata dakika ya ngapi.

*(Dalali Msomi hajarudi.)*

Mzee wa Jezi ya Kijani

Nyinyi mna bahati mnanyimwa mtandaoni, kwenye joto la hita. Mimi mechi ya watani wa jadi nimekata tiketi wiki nzima kabla, nimefika langoni saa tano asubuhi, kadi inasomwa, mashine inasema tayari nimeshaingia. Nimeingia wapi wakati niko hapa nje nimeshika mhogo? Yule kijana wa mashine ananiambia "mzee, mfumo umesema." Nimeisikiliza mechi kwenye redio ya bodaboda, nje ya ukuta, naona moshi tu.

Nyundo ya Kilo Mbili

Ulikuwa umevaa kijani, mashine ina akili timamu.

Mzee wa Jezi ya Kijani

Matusi hayo peleka Msimbazi.

Binti Chuda

Bora nyinyi mmezungumzia mpira. Mimi nimetafuta ndege ya kwenda nyumbani Desemba. Nimeangalia bei asubuhi, nimekwenda kukoroga uji, nimerudi imepanda dola mia mbili. Uji haujachemka! Halafu sanduku la pili nalo linalipiwa.

Mama Wawili Alberta

Pole mwanangu, ndege ndivyo zilivyo. Nani anaondoka mapema Desemba aende Dar? Nina viatu vya wajukuu, jozi tatu tu, havina uzito.

Kijana wa South B

Jozi tatu za mama huwa ni kilo kumi na tano.

Mama Wawili Alberta

Ni viatu na mablanketi kidogo.

Mwana wa Pangani

Wakuu turudi kwenye mada. Mtoto anatoka shule saa tisa na nusu. Nimeingia foleni tena, kiduara bado kinazunguka.

Kadogo wa Uvira

Ndugu wa Pangani, niandikie pembeni. Ile tiketi yangu moya, mutoto aichukuwe.

Mzee wa Jezi ya Kijani

Mama wa Alberta, mimi nina shemeji anaondoka Toronto tarehe sita. Ila mablanketi ni mangapi?