MREJESHO: Nilifukuzwa kazi baada ya kuripoti risiti feki

Wakuu habarini, mimi ndo yule mhasibu ambaye kamati ya maadili ya chama chetu cha taaluma ilimpelekea bosi barua yangu ya siri kuhusu risiti feki, nikafukuzwa. Asanteni sana kwa ushauri. Nilifuata ule wa kuwahi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi) ndani ya siku 30, nikajaza Fomu Na. 1 ya kupeleka mgogoro, kwenye usuluhishi mwajiri akakubali kunilipa notisi na fidia kidogo na cheti cha utumishi nimepata, ila kazini sijarudi. Aliyeniambia niuandikie uongozi wa chama, niliandika, mpaka leo kimya, na hili linaniuma kuliko ya bosi maana ada nalipa kila mwaka. Mwenye kesi kama yangu aanze CMA, asisubiri chama.